Mwalimu Aliyekata Kipande cha Mwisho

Ubao wa darasa letu ulikuwa na ufa kutoka juu hadi chini, na Mwalimu wa Maigizo aliutumia kama mpaka. Kushoto kwa ufa aliandika Magharibi, kulia akaandika Uchina. Kisha akasimama pembeni, mikono nyuma, akangoja mpaka wale wa viti vya nyuma wakaanza kupiga soga. "Huku kushoto," akasema hatimaye, "mutu anajiangusha mwenyewe, hata kama aliyemusukuma ni mwingine. Huku kulia, mutu anaangushwa. Andikeni." Tukaandika. Nina hakika hakuna aliyeelewa, lakini Kasese saa nane mchana, joto likiwa limekaa juu ya mabati, mwanafunzi huandika chochote anachoambiwa.

Nilimfahamu kwa miaka mingi kuliko nilivyotaka. Kwanza nilikuwa mwanafunzi wake, halafu nikawa mwalimu katika mji uleule, mwishowe nikawa mama mtu mzima anayekwenda Bwera kumjulia hali mzee kwa sababu dhamiri haimwachi akae nyumbani. Watu wengine wana visa vitamu vya walimu wao, na kwenye sherehe huwasimulia wageni wakacheka mpaka soda ikamwagika. Vya kwangu havina utamu huo, na kuvisimulia kunanichosha.

Alivaa sweta ya kahawia mwaka mzima. Chupa yake ya kahawa haikuwa na sukari, na hakumkaribisha mtu. Darasani alituita "watukufu," hasa tulipokuwa tumefeli. Maigizo yote aliyatafsiri kwa Kiswahili yeye mwenyewe, maana ukumbini walikuja wanajeshi, wachuuzi kutoka ng'ambo ya mpaka na akina mama wa vilimani, na Kiingereza kingewaacha nje. Kwenye karatasi Kiswahili chake kilinyooka, kila ngeli imekaa mahali pake. Akifungua mdomo, ngeli zote zilitoka mbio, na ukimkosoa alikuambia kwamba kalamu yake ilisoma kumzidi.

Siku ya maonyesho hakutazama. Alisimama nje, nyuma ya ukuta wa ukumbi, akisikiliza. Wachezaji hakuwajali sana, aliwasikiliza watazamaji. "Mukitaka kujua mchezo imeshika watu," alisema, "sikiliza kikohozi. Mutu hakohoi kama moyo yake iko juu." Tulipotoka nje na jasho letu na poda yetu ya unga wa muhogo usoni, alikuwa anatuambia watu wamekohoa mara ngapi, na wapi. Tulimchukia kwa hilo, na kila mmoja wetu alitaka kipande chake kipite bila kikohozi.

Lakini ukitaka kumjua lazima uanze na karatasi zake. Hakuamini karatasi iliyoandikwa upande mmoja. Kila mchezaji alipewa maneno yake peke yake, pamoja na neno la mwisho la mwenzake aliyemtangulia, basi. Aliyaandika kwa mkono nyuma ya chochote kilichokuwa begini mwake: matangazo ya parokia, mitihani ya zamani, barua za wazazi wanaolalamika. Maneno yangu ya kwanza kabisa jukwaani yalikuwa nyuma ya orodha ya vitu vya bweni. Begi hilo lilikuwa la ngozi, limekatika mshipi, na ndani yake mambo yote ya shule yalilala pamoja. Mwalimu mkuu alimwonya mara mbili kuhusu hilo begi. Alijibu kwamba miti ya Mungu haipaswi kukatwa kwa ajili ya upande mmoja.

Vitabu vya michezo ya Kichina alivikuta kwenye sanduku la msaada, chini ya vitabu vya kemia vilivyoliwa na mchwa. Kimoja hakikuwa na jalada wala jina. Alikisoma kwa likizo nzima, akarudi amekonda na amejaa maneno. Tangu hapo hakufundisha igizo la huzuni la Wazungu bila kuweka la Wachina wa kale kando yake, kama mtu anayelinganisha vitenge viwili sokoni kwa kuvivuta.

Alichokuwa akisema, nikikipanga leo kwa akili ya utu uzima, ni hiki. Katika huzuni ya Magharibi anayeanguka ni mkubwa: mfalme, jemadari, mtu mwenye nyumba ya ghorofa. Ana kasoro moja, na kasoro hiyo ni ndugu wa sifa yake. Aliye shujaa ni mkaidi, aliye mkweli ni mwepesi wa hasira. Anaonywa, hasikii. Akifika mwisho anaelewa, lakini kuelewa kwenyewe kunakuja saa ile ambayo hakusaidii kitu. Anakufa, wengine wanakufa naye, na watu wanarudi nyumbani kimya. Hakuna anayekuja kuwafuta machozi. Mwalimu aliipenda kazi hiyo. Alisema ni kazi ya watu wanaomheshimu mtazamaji.

Ya Uchina ilikuwa na watu wadogo. Mjane, binti mfumaji, mtumishi, msomi asiye na kazi. Hawana kosa. Wanasagwa na wengi: jirani mwenye tamaa, karani mwongo, hakimu aliyeshiba. Jukwaa halina kitu, meza moja na viti viwili, na aliyeshika fimbo ndiye aliyepanda farasi. Mara wanaimba, mara anatokea mchekeshaji katikati ya kilio. Hata siku ya kunyongwa kwa mtu, mnyongaji analalamika kuhusu chakula cha asubuhi. Hayo pia Mwalimu aliyapenda. "Hata kwa matanga yetu, kuna mutu anachekesha karibu na sufuria," alisema. "Muzungu angemufukuza."

Alichokichukia ni kipande cha mwisho. Aliyeonewa akishafariki, mchezo haukomi. Ngoma ya malalamiko iliyo langoni mwa korti inalia yenyewe. Anakuja hakimu mpya, faili linafunguliwa tena, marehemu anarudi kama kivuli na kusema yaliyotendeka, waongo wanachapwa mbele ya watu, na jina la marehemu linasafishwa. Kisha nyimbo. "Hii kitu ya Wachina iko na ugonjwa moja," alituambia, "inaogopa kulala na kilio. Inakuuma, halafu inakupatia pipi." Kwa hiyo kila alipotafsiri igizo la Kichina, alikata kipande cha mwisho. Alichora mstari kwa wino mwekundu mahali anapofia mtu, akaandika chini yake: pazia.

Tukampinga kidogo. Mmoja wetu, mtoto wa mzee wa kanisa, aliuliza kama hata Biblia haina kipande cha mwisho. Mwalimu alifikiri mpaka kengele ikalia, akasema swali hilo tumpelekee padri, kisha siku tatu hakumwita mtoto yule mtukufu.

Kisa kinachomweleza zaidi kilitokea Bwera, katika ukumbi wa parokia. Tulikuwa tumepeleka igizo la binti mfumaji anayesingiziwa kumuua bibi wa nyumba anakofanya kazi. Anapigwa mpaka anakiri, anakatwa kichwa. Mfumaji nilikuwa mimi. Jinsi nilivyoipata sehemu hiyo nitaieleza, japo sina hamu nayo. Nikafa vizuri, wakanifunika shuka jeupe, pazia likafungwa, nikangoja kelele za viti. Hazikuja. Akina mama wa soko walikuwa wamekaa tu, wengi wao wakiwa wamevuka mto asubuhi hiyo kutoka Kasindi, ng'ambo ya mpaka, na vikapu vyao. Chini ya shuka nilisikia sauti ya mmoja, nzito, isiyo na haraka: "Sasa, na ule aliyemusingizia?"

Mwalimu akaingia kutoka nje. Akawaambia mchezo umekwisha. "Haiyaisha," mama akajibu. "Mutoto wa watu amekufa juu ya uongo. Njo munatuambia tuende kulala?" "Ndio" yetu kwao ni "njo." Mwingine akauliza kama ni wachezaji wengine wamechelewa kufika, maana kama ni hivyo wao watangoja. Mwalimu akaeleza, kwa upole uliomgharimu, kwamba huzuni ya kweli haina dawa. Yule mama wa kwanza akamtazama sana. "Ya kweli tunayo kwetu," akasema. "Kwa hii yako tulifikiri mutatusaidia." Wakakaa karibu nusu saa. Tuliporudi Kasese Mwalimu hakusema neno njia nzima mpaka tukavuka daraja la Katunguru... hapana, nasema uongo, Katunguru iko upande mwingine kabisa. Ni safari nyingine hiyo, ya mwaka mwingine, aliponyamaza vilevile. Kunyamaza kwake kote kumechanganyika kichwani mwangu.

Nisiseme alikuwa mtu mbaya. Watoto watatu ninaowajua walivaa viatu alivyonunua yeye, na mmoja hajui mpaka leo. Mke wake alipopooza alimwogesha na kumlisha miaka sita, na darasani hakuchelewa hata mara moja. Lakini mtu huyu aliyetufundisha kwamba mkubwa huangushwa na kosa lake, na kwamba ushujaa ni kulitaja kosa hilo kwa mdomo wako kabla pazia halijafungwa, sikumsikia hata siku moja akisema samahani. Akikosea hesabu ubaoni, alifuta akasema chaki ni mbovu. Alikuwa na wasiwasi wa ajabu kuhusu macho ya watu. Sisi wasichana hakutupatia karatasi mkononi kama hapakuwa na mtu wa tatu. Aliziweka mezani, akageuka dirishani, ndipo tukazichukua.

Sasa nieleze jambo lenyewe.

Mfumaji wa kwanza hakuwa mimi. Alikuwa Biira, msichana wa Bwera, mwana wa pekee wa mama mmoja mwuza vitunguu. Alikuwa na sauti ambayo haikuhitaji kupandishwa. Tulikuwa kidato cha nne, mtihani wa majaribio ukiwa wiki mbili mbele. Jioni moja ya mazoezi Biira alisema kipande chake cha korti kimepotea. Mwalimu alikuwa amechoka, na siku hiyo hakufuata desturi yake ya meza na dirisha. Alichomoa karatasi begini akampa mkononi. Niliona. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwao, nimeshika fimbo ya farasi.

Wiki iliyofuata kukazuka uvumi kwamba mtihani umevuja. Masanduku yakapekuliwa. Katika sanduku la Biira ikapatikana karatasi, upande mmoja maneno ya mfumaji mbele ya hakimu, upande wa pili maswali ya mtihani wa fasihi, matano, kwa mwandiko wa Mwalimu. Biira alisema kweli yote: "Mwalimu alinipa, sikugeuza nyuma." Kamati ya nidhamu ikamwita Mwalimu na kumwuliza kama alimpa. Sote tulijua neno lile, Mwalimu alinipa, lilivyosikika masikioni mwa watu. Msichana mzuri, mwalimu mwanamume, maswali ya mtihani, wangemalizia wenyewe. Mwalimu akaishika karatasi, akaigeuza, akasema: "Sikumbuki kumupatia."

Hilo likatosha. Wakahitimisha kwamba Biira aliingiza mkono begini mwa Mwalimu. Kesho yake asubuhi Biira alitoka langoni na godoro kichwani na mama yake mbele, na mama hakugeuka kumtazama hata mara moja. Mtihani wa taifa hakuufanya, si mwaka ule wala mwingine. Akavuka mpaka, akauza vitambaa Butembo, akazaa huko. Mimi nilipewa sehemu yake siku tatu baada ya yeye kuondoka. Hakuna aliyeniuliza nilichoona, na mimi nikajiambia kwamba kutoulizwa ni sawa na kutojua. Niliogopa, na pia niliitaka ile sehemu. Nimechoka kulipamba jambo hili kwa namna nyingine.

Miaka ikapita kama inavyopita. Mwalimu akastaafu, akahamia Bwera kwenye nyumba ya marehemu mkewe. Vita vya upande wa Beni vilipozidi, Biira akarudi kwa mama yake na watoto wanne na furushi. Nilisikia, nikasema nitakwenda kumwona. Sikwenda.

Kilichomgeuza Mwalimu kilikuwa kitu kidogo. Alikuja Kasese kufuatilia karatasi zake za pensheni, akakaa kwenye kibanda cha chai karibu na stendi, na mezani kwake akakaa Mchina mmoja fundi wa barabara aliyekuwa akitazama simu. Ndani ya simu watu wamepaka nyuso rangi, wanaimba kwa sauti nyembamba. Mwalimu akaitambua ngoma ya langoni kabla haijalia. Wakazungumza, kila mmoja kwa Kiswahili alichookota barabarani. Mwalimu akamwuliza swali alilolibeba tangu sanduku la msaada: mbona mnaongeza kipande cha mwisho, wakati mtu ameshakufa? Fundi akazima simu. "Mama yangu nasikiza hii na mimi, nyumbani," akasema. "Bila ile mwisho, mama hapana lala."

Mchana uleule Mwalimu akaja nyumbani kwangu. Hakuwahi kuja kabla. Nikampa kahawa, hakuinywa. Akatoa begini, begi lilelile, maneno yote ya igizo la mfumaji, yamefungwa kwa uzi. Kipande cha korti kilikuwa humo. Kipya, alikiandika upya kwa ajili yangu. Cha Biira kilibaki na kamati.

"Unajua hii ni nini?" aliniuliza.

"Najua, Mwalimu."

"Pale mbele ya kamati sikukumbuka. Hiyo ilikuwa kweli, kwa saa chache tu. Jioni, niko nakunywa kahawa, nikakumbuka. Nilimupatia na hii mukono."

"Nami niliona."

Akanitazama. Nilifikiri atanikemea, na nilitamani anikemee. "Kumbe tuko wawili," akasema, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu aliyepewa kiti.

Akaniambia amefanya hesabu mbaya maisha yake yote kuhusu kile kipande. Alifikiri kimewekwa kwa ajili ya marehemu, ndiyo maana alikiona upuuzi, maana marehemu hana haja. Wala si ili waongo wachapwe. Ni kwa ajili ya wale waliobaki na jina lililochafuliwa nyumbani, wanalala nalo, wanaamka nalo. Wazungu, alisema, wanaandika kwa ajili ya mtu aliyekosa, aelewe. Wachina wanaandika kwa ajili ya mama yake yule aliyekosewa. Kisha akajikosoa, kama kawaida yake: si Wazungu wote, si Wachina wote, nisije nikaenda kuwafundisha watoto hivyo. Akataka kwenda kwa Biira na mama yake. Akataka niende naye.

Nami nikamwambia asubiri. Nilisema yaliyopita si ndwele. Nilisema Biira ameshatulia, mama ni mzee, tukifukua jambo hili watu wa Bwera wataanza upya na maneno yao, na yeye na heshima yake ya uzee atakuwa gumzo la soko. Nilisema mengi na yote yalikuwa na busara. Nilikuwa naibu wa mwalimu mkuu wakati huo. Akafunga uzi wake, akasema, "Pengine uko na haki," akarudi Bwera. Tukasubiri miaka miwili.

Mwezi uliopita mama yake Biira akafariki. Mwalimu alinipigia simu mwenyewe, akasema maneno manne, mazishi ni kesho, njoo.

Nyumba ilikuwa kwenye mteremko juu ya soko, migomba nyuma, maturubai mawili mbele. Mwalimu alikuwa ameshafika, amekaa kwenye benchi la majirani na sweta yake. Alikuwa na haki ya kuitwa jirani. Kutoka mlango wake hadi pale ni mwendo wa dakika kumi. Baada ya wakwe na kanisa na mwenyekiti wa kijiji kusema yao, katekista aliyeshika mikrofoni akauliza kama kuna jirani mwenye neno. Mwalimu akainuka. Alikuwa ameandika hotuba, niliiona, pande zote mbili. Hakuisoma.

"Mimi nilikuwa mwalimu ya Biira," akasema. "Alifukuzwa masomo juu ya karatasi. Ile karatasi hakuiba. Nilimupatia mimi. Nilijua jioni ileile na nikanyamaza. Nasema mbele yenu wote, mujue."

Nilitazama watu. Wazee wawili watatu waliinua vichwa. Vijana hawakujua ni karatasi gani, wengi hawakuwa wamezaliwa. Mwanamke mmoja alikuwa anahamisha sahani. Katekista alingoja kuona kama kuna zaidi, akasema, "Asante, Mwalimu wetu, kwa neno. Tuko na muda mudogo," akaipa kwaya ishara. Wakaimba. Tukamzika mama.

Biira alitufuata baadaye, watu walipokuwa wanapangiwa chakula. Amekuwa mwanamke mnene, mtulivu, kitenge cheusi kimefungwa kiunoni. Tulikuwa kwenye benchi nyuma ya jiko. Alitusalimu kwa mikono miwili, mmoja mmoja, kama wageni wa heshima. Akabaki amesimama.

"Mwalimu, nimesikia."

"Nilipaswa kuja zamani," Mwalimu akasema.

"Miye nilijua tangu siku ile. Ulinipatia na mukono yako. Miye sikukuwa na lazima ya kuambiwa." Hakuwa na hasira, alizungumza kama mtu anayeeleza njia. "Mama njo hakujua. Nilimuelezea, hakusadiki. Alisema mwalimu hawezi kubeba uongo juu ya mutoto ya mutu. Hata hii wiki, kwa kitanda, aliniuliza tena: mwanangu, uliiba? Nikasema hapana. Akasema, basi, Mungu amekwisha kukusamehe."

Mwalimu alikuwa ameshika ukingo wa benchi.

"Ulikuwa unanunua vitunguu kwake kila soko," Biira akaendelea. "Alikuwa anakuongezea. Uliona?"

"Niliona. Nilifikiri ni juu ya uzee yangu."

"Ilikuwa juu yangu. Kila soko alisema, wacha nimuongezee Mwalimu, pengine roho yake itapoa juu ya mutoto wangu."

Jikoni mtu alicheka, akanyamazishwa. Nilikumbuka jinsi nilivyomweleza vizuri, sebuleni kwangu, kwa nini tusubiri, na nikaona haya.

"Chakula iko," Biira akasema. "Lakini mbele ya kula, Mwalimu, wende pale." Alionyesha kwa kidevu upande wa migomba, ambako vijana wawili walikuwa wanamalizia kusawazisha udongo. "Umuambie yeye. Bila mikrofoni."

Mwalimu akamtazama. "Unadhani anasikia?"

"Sijui, Mwalimu. Weye njo ulisoma."

Akainuka. Ilimchukua muda. Vijana walimwona anakuja, wakaegemeza majembe yao na kuondoka. Alivua kofia, akasimama mbele ya ule udongo, mgongo wake kwetu, na kwa muda mrefu sikuona kichwa chake kikisogea kama cha mtu anayezungumza. Kisha kikaanza. Ardhi ya pale ilikuwa na utelezi kwa mvua ya asubuhi, na miguu yake si ya kuaminika, kwa hiyo niliinuka nimfuate nimshike.

Biira akanishika mkono. Hakunibana.

"Weye ngoja," akasema. "Ulikuwa pale, ulikuwa umeshika fimbo. Akimaliza yeye, utaenda weye."

Nikakaa tena kwenye benchi, nikaanza kutafuta maneno.